Nilivyoalika Wabunge Mia Siku ya Ijumaa

Siku ya kwanza ya kazi yangu London niliingia darasani, nikasimama mbele ya ubao, nikanyamaza, nikangoja. Kwetu Pemba mwalimu akiingia watoto husimama wote kwa pamoja, wakasalimu, ndipo somo likaanza. Nilingoja sana. Watoto wa Wembley walikuwa na mazungumzo yao, mmoja anakula chipsi, mwingine kalaza kichwa juu ya begi. Mwalimu mwenye darasa, kijana mwenye ndevu nyekundu, aliniuliza taratibu, "Una tatizo?" Nikamwambia nangoja wasimame. Alicheka mpaka akashika meza. Hawakusimama siku ile wala siku nyingine yoyote, na mie ikanibidi nijifunze kufundisha watoto waliokaa.

Tena nasema kufundisha, lakini mwanzo hata ualimu wenyewe sikuwa nao. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, nikiogopwa kuanzia Wete mpaka Micheweni. Siasa zilipomfanya mume wangu akimbie, nikamfuata huku na watoto, na cheti changu nikakitia kwenye sanduku kama dhahabu. Huku nikapewa kazi ya msaidizi wa darasani. Huyo ni mtu anayekaa ubavuni mwa mtoto asiyejua lugha au asiyetulia, akamsogeza mbele kidogo kidogo. Hasimami mbele, hasahihishi mtihani, na wazazi hawamjui jina.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mama wa Kiskoti, mrefu, mkavu wa maneno. Nilimwendea ofisini na cheti changu mkononi. Alikisoma chote, mbele na nyuma.

"Cheti kizuri," alisema. "Hapa hakina kazi. Kachukue cha hapa, kisha uje tuzungumze."

"Nikikipata utaniajiri?"

"Ukikipata skuli nyingi zitakutaka. Mimi nitakuwa wa mwanzo kukuuliza."

Nikarudi chuoni, mtu mzima mwenye watoto, nasoma na wasichana wanaoniita mama. Siku nilipokipata, mama yule alinipigia simu kabla sijavua koti. Ahadi ni ahadi, na nampendea hilo mpaka leo. Nikawa mwalimu wa hisabati, baadaye mkuu wa idara, halafu nikapewa cheo wanachokiita mkuu wa mwaka. Mkuu wa mwaka ndiye mzazi wa watoto wote wa rika moja hapo skuli: nani kachelewa, nani kapigana, nani haji. Hilo la mwisho, mahudhurio, ndilo lililonitoa skuli likanipeleka Bungeni.

Palikuwa na msichana akiitwa Asha, mtoto wa darasa la saba, hodari wa hesabu, wazazi wake wa Unguja. Akawa haji. Leo yupo, kesho hayupo, na akija anakaa nyuma kama mtu mwenye mzigo. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa Kiswahili chetu kwa nini hakuja jana. Alinifahamu vyema, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku.

"Nilikwenda na mama hospitali, Miss."

"Kufanya nini?"

"Kumtafsiria. Hajui Kiingereza, na baba yuko kazini."

Nilimuuliza mama ana nini. Akasema mama haumwi na kitu, kichwa tu, lakini anazidi kukonda. Neno hilo lilinikera siku nzima. Nikachukua ruhusa nikaenda nao safari iliyofuata. Mamake, Bi Mwanakombo, alikuwa akifanya usafi kwenye uwanja mkubwa wa mpira, mwanamke mpole na mcheshi. Tulipofika mlangoni kwa daktari nikamwambia Asha akae nje, niingie mie.

Sasa hapa vijana wa kwetu mtanielewa, na wengine itabidi nieleze. Mwanamke wa kwetu ana mambo yake ya mwili ambayo hayasemi mbele ya mtoto wake. Hata akichomwa moto hayasemi. Atamwambia dada yake, somo yake, jirani yake, lakini mtoto aliyemzaa, hapana, huo ndio utu aliolelewa nao. Bi Mwanakombo alipoona mtoto hayumo, na mwenziwe mwanamke wa kwao kakaa karibu, alinishika mkono akasema yote. Alikuwa akitokwa na damu ambayo umri wake haukuitaka tena, na ilikuwa imeshapita miezi. Kila alipokuja na Asha alisema kichwa.

"Mbona hukusema, Mwanakombo?" nilimuuliza.

"Ningemwambia nini mtoto, Mwalimu? Mambo ya kizazi changu nimpe Asha, ampelekee daktari mwanamme? Bora nife."

Na alikaribia. Walimkuta na uvimbe kwenye kizazi, wakampasua upesi, na daktari alisema wangechelewa kidogo tu isingewezekana. Alipona, Alhamdulillahi. Lakini Asha alikuja kwangu mapumziko ya chakula akalia mpaka kwikwi zikamkaba. "Mimi ndiye niliyemwambia daktari kwamba mama hana kitu," alisema. Mtoto yule alijiona karibu amuue mama yake. Nilimkumbatia. Nilikasirika vibaya sana, sijawahi kukasirika hivyo.

Nikarudi hospitali kumtafuta msimamizi. Alinipokea kwa adabu. Akasema mkalimani yupo, hupatikana akiombwa, lakini mgonjwa akija na mtu wake hakuna haja ya kumwita. "Mtu wake ni mtoto mdogo," nikamwambia. Akasema hakuna sheria inayokataza. Nikaenda kwa diwani wa kata yetu, naye akanisikiliza, akasema, "Mama, hilo si la halmashauri, ni la Bunge." Nikamuuliza mtu anafikaje Bungeni. Alidhani namuuliza njia ya treni.

Basi nikaanza chini. Nikaingia chama, jina lake silitaji kwa sababu vyama vyote vilinitesa sawasawa baadaye. Nikagombea udiwani, nikapata. Diwani ni mtu wa taka, maegesho, nyumba zenye ukungu na miti iliyoegemea ukuta wa jirani. Nilijifunza kubisha hodi, kwani siasa za nchi hii zote zinaanza mlangoni kwa mtu, katika mvua. Milango ya Wembley ilinifurahisha. Nilikuta mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala akanijibu, "Karibu, mama, ingia ndani." Nikakuta wauguzi wa Kikenya wanaotoka zamu, wananiambia niseme haraka kabla hawajalala wima.

Kiti cha ubunge kilipoachwa wazi, nikasema nakitaka. Kiongozi wa madiwani, bwana mmoja mstaarabu aliyevaa mashati ya kunyooka, aliniita tuzungumze.

"Unafanya kazi nzuri," alisema. "Ila lafudhi yako. Watu watakusikia, lakini watakuelewa?"

"Watoto wa darasa la tisa wamenielewa bila kupenda," nikamwambia. "Watu wazima watashindwa?"

Alicheka, lakini alimpigia kura mwenzangu. Wanachama wakanipigia mie. Siku ya uchaguzi wenyewe ilijulikana mapema mno kuwa tumeshinda, na mume wangu, ambaye hapendi siasa tangu zilipomtoa kwao, alikaa kwenye kiti cha ukumbini akijifuta macho na kanzu. Nilimwambia aache kunitia aibu. Hakuacha.

Bungeni mtu huingia kama mgeni nyumbani kwa watu wakubwa. Chumba cha kutundikia makoti kina ndoano ya kila mbunge, na kila ndoano ina utepe mwekundu wa kutundikia upanga. Mie nilitundika mwavuli. Mkubwa wako mle si Spika, ni Mnadhimu wa chama, mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha unapiga kura unavyotakiwa na hupotei njiani. Mnadhimu wetu alikuwa bwana mfupi, mnene, anatafuna pipi za mnanaa tangu asubuhi. Nilimwambia siku ya kwanza nimekuja kwa jambo moja. Akasema wote husema hivyo, baada ya mwaka wanasahau.

Mie sikusahau. Lakini mbunge wa kawaida hatungi sheria akiamka tu. Kila mwaka majina yanatiwa kwenye bahati nasibu, na wachache wanaotoka ndio hupata nafasi ya kuleta muswada wao wenyewe, na muswada huo hujadiliwa siku ya Ijumaa. Nilitia jina langu mwaka baada ya mwaka, halitoki. Watu wa jimboni waliokuja kliniki yangu, maana hapa mbunge ana kliniki kama daktari, watu wanakuja na shida zao kwa zamu, walizoea kuniuliza, "Mwalimu, yale ya wakalimani vipi?" Nawajibu bado. Ikafika wakati naona haya kuulizwa.

Halafu jina likatoka, tena karibu na juu. Mnadhimu akaniita.

"Hongera," alisema. "Chagua kitu chepesi. Mbwa, miti, mambo ya watalii."

"Kitu ninacho. Mtoto asitumiwe kumtafsiria mgonjwa. Hospitali ilete mkalimani mtu mzima."

Alitafuna pipi yake. "Serikali haitakupinga. Wala haitakusaidia. Unajua Ijumaa ni siku gani hapa?"

Nilijua. Ijumaa wabunge hupanda treni wakarudi majimboni kwao, na ukumbi hubaki na watu wa kuhesabika. Na muswada wa Ijumaa una maradhi yake. Adui hana haja ya kuushinda kwa kura. Husimama akasema, akasema, akasema, mpaka saa nane na nusu mchana, kikao kinafungwa, na muswada unakufa umelala pale pale. Palikuwa na mheshimiwa mmoja wa majimbo ya mashambani, wa chama cha upande wa pili, aliyekuwa bingwa wa kuua miswada kwa maneno. Dawa ni moja tu: kuleta hoja ya kufunga mjadala, na hoja hiyo haipiti mpaka wabunge mia waikubali kwa kura.

"Mia siku ya Ijumaa hawapatikani," Mnadhimu alisema. "Usivunjike moyo ukishindwa."

Ofisi yangu ilikuwa chini ya Bi Nyaboke, mama wa Kikisii aliyestaafu uuguzi akaja kuniendeshea mambo. Alituma barua pepe kwa wabunge wote. Majibu yakaja mengi: asante sana, jambo muhimu, tutajitahidi. Bi Nyaboke alifurahi. Mie nilisoma majibu yale nikaona hakuna hata mmoja atakayekuja.

Kwetu harusi haialikwi kwa kadi. Mwenye shughuli huvaa buibui lake akenda nyumba kwa nyumba, akapiga hodi, akakaa, akaulizia wagonjwa na watoto, ndipo akasema neno lake: siku fulani tuna shughuli, na wewe nakutaka. Kadi ikija peke yake watu husema, hawa hawakututaka. Na ukishaalikwa kwa mdomo na mtu mzima aliyetoka kwake mpaka kwako, kutokwenda ni kazi. Tena huruki nyumba. Hata jirani mliyegombana naye unakwenda, na huyo hasa.

"Tutawaalika," nikamwambia Bi Nyaboke.

"Tumeshawaalika, Mheshimiwa."

"Tumewatumia habari. Nitakwenda mwenyewe, chumba kwa chumba."

"Hivyo hapa hawafanyi."

"Basi watashtuka," nikamwambia, na nikaenda nyumbani kukaanga visheti, vile vitamu vyetu vya unga na sukari.

Kwa wiki kadhaa nilipita kwenye makorido yale na kopo langu la visheti mkononi. Magoti yalikuwa yananiuma na jengo lile ngazi zake hazina huruma. Nabisha, naingia, nakaa, nauliza hali ya mama, ya mke, ya mtoto aliyekuwa na mtihani. Mmoja alidhani nimekuja kumshitaki. Mwengine, mwanasheria, aliuliza kama visheti vinatakiwa kuandikishwa kama zawadi. Nikamwambia avile kabla sheria haijafika. Kisha nasimulia habari ya Asha na mama yake, bila majina, na mwisho nasema, "Ijumaa ile nina shughuli, na wewe nakutaka." Mama mmoja wa Wales akaniambia bibi yake alikuwa hajui Kiingereza, na aliyekuwa akimtafsiria ni yeye, na hajawahi kumwambia mtu. Akafungua shajara yake mbele yangu akafuta safari.

Nikaenda pia kwa yule bingwa wa maneno. Alisimama nilipoingia.

"Unajua kuwa nitaupinga?" alisema. "Serikali haina haja ya kuingilia kila jambo la familia."

"Najua. Sikuja kukuomba kura. Nimekuja kukualika. Njoo tubishane ukiwa umekaa vizuri."

Aliweka kalamu yake chini. "Miaka yote hii ya kuua miswada," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kunialika." Akachukua kisheti, akachukua cha pili.

Ijumaa yenyewe niliingia ukumbini nikahesabu vichwa. Mabenchi yalikuwa na watu wachache wametawanyika. Juu, kwenye viti vya wageni, Bi Mwanakombo alikaa amevaa mtandio wa zambarau, na ubavuni mwake Asha, sasa mtu mzima, fundi wa umeme wa treni, mwenye mikono ya kazi. Nilipoongea niliongea kwa ajili yake. Nilisema mtoto asipewe kazi ya kubeba siri ya mwili wa mzazi wake, na mzazi asilazimishwe kuchagua baina ya heshima yake na uhai wake. Sikuongea sana. Muda ulikuwa mali yangu na yule bwana alikuwa anaungoja.

Akasimama. Loo, yule mtu alikuwa na pumzi. Alianza na historia ya ukalimani, akaingia kwenye mila za familia, akaenda Ufaransa, akarudi. Nilikuwa natazama saa ya ukutani na mlango kwa zamu. Saa saba ikapita. Mnadhimu alikuwa amekaa pembeni, hatafuni kitu. Hapo nilisimama nikasema kauli inayotakiwa ya kufunga mjadala, kwamba hoja ipigiwe kura sasa, na Spika akaita kura. Kengele zikalia jengo zima.

Bunge lile watu hupiga kura kwa miguu. Anayekubali hupita korido ya ndiyo, anayekataa korido ya hapana, na wahesabuji husimama mlangoni. Nilisimama kwenye korido ya ndiyo nikadhani nitakuwa peke yangu na Bi Nyaboke ananiombea nje. Wakaanza kuja. Wakatoka kwenye ofisi, kwenye mgahawa, kwenye maktaba. Mama wa Wales alikuja na mkoba wa safari. Mbunge mwenzangu wa upande wa Ilford alikuja mbio kutoka msikitini, soksi moja kaivaa kinyume. Mwanasheria wa zawadi alikuja na wenziwe wanne. Korido ikajaa mpaka watu wakawa wanasukumana, na kila anayenipita ananiambia, "Umenialika, nimekuja," kama walioagana wote waseme neno moja. Nililia mbele yao na sikujali.

Wahesabuji wanne hujipanga mbele ya Spika kabla ya hesabu kusomwa, na wa upande ulioshinda husimama kulia. Nikaona nani kasimama kulia kabla sauti haijatoka. Mia na zaidi kidogo. Baada ya hapo muswada wenyewe ulipita kwa sauti tu, hata hawakuhesabu. Bi Mwanakombo kule juu alipiga kigelegele, na walinzi wakamwendea kwa sababu haruhusiwi mtu kupiga kelele kule, lakini kilikuwa kimeshatoka. Yule bingwa wa maneno, aliyepita korido ya hapana mpaka mwisho, alinisubiri mlangoni. Akanipa mkono akauliza kama visheti vimekwisha.

Muswada ukaenda kamati, ukaenda kwa Malodi, wale wa baraza la juu la Bunge, ukarudi, ukapata idhini ya Mfalme. Asha alinipigia simu siku hiyo. Hakusema mengi. Alisema, "Mwalimu, sasa nimeutua." Alilisema kwa Kiswahili, na nilifahamu anazungumzia mzigo gani.

Uchaguzi uliofuata sikugombea. Vijana huniuliza siri yake ni nini, wanataka niwape mbinu za siasa. Siri sina. Nilikuwa mwalimu tangu mwanzo mpaka mwisho, na mwalimu kazi yake ni kujua nani leo hayupo darasani na kwenda kumtafuta. Wanaotaka kuingia Bungeni kwa sababu nyingine, waingie, nafasi zipo, lakini watachoka mapema.

Mwaka huu niliumwa. Homa ilipanda mpaka Kiingereza chote kikanitoka, nikawa nazungumza Kipemba kitupu, na mjukuu wangu Nawal, binti wa miaka kumi na minne, akanifikisha hospitali. Nesi aliuliza ninaumwa wapi. Nawal akaanza kunijibia. Nesi akamzuia kwa upole.

"Samahani, mwanangu. Sheria hairuhusu wewe umtafsirie bibi yako. Kaa nje kidogo, tunamwita mkalimani."

Nawal alifungua mdomo. "Lakini bibi yangu ndiye ali—"

Nikamtupia jicho, akanyamaza, akatoka. Mkalimani akaja kwenye skrini, mama wa Mombasa, sauti ya utaratibu. "Bibi, shikamoo. Sema nikusikie." Nikaangalia mlango, nikaona umefungwa. Nikamwambia jambo la mwili wangu nililokuwa nimelificha tangu mume wangu afariki, jambo ambalo wanangu hawalijui na Nawal hatalijua, naye akampa daktari neno kwa neno. Wananitibu sasa. Kama mtoto yule angekuwa chumbani, mie niliyeitunga ile sheria ningesema sina kitu.